Siku 140 za Kusubiri

Kila mwaka wa namba witiri, Jumanne ya pili ya Januari, saa sita mchana, bunge la jimbo la Texas hufunguliwa mjini Austin. Lina siku 140 tu. Zikiisha, wabunge 150 na maseneta 31 hurudi makwao, na kwa kawaida hawakutani tena mpaka mwaka mmoja na nusu upite. Gavana peke yake ndiye anayeweza kuwaita kwa kikao maalumu, nacho hakizidi siku 30. Mtu anayesikia utaratibu huu kwa mara ya kwanza hudhani bunge la namna hiyo haliwezi kuwa na uzito mkubwa kwa fundi wa ujenzi aliye Dallas, au kwa dereva wa teksi aliye Houston. Mimi naishi Dallas, na nimeona jinsi lilivyo na uzito hata kwenye miezi ambayo milango yake imefungwa.

Nataka kuandika kuhusu miswada ambayo bado haijapita. Sheria zilizokwisha kusainiwa zina waandishi wake, mawakili wake na kesi zake. Mswada ulioko mezani hauna mtu wa kuuzungumzia kwa Kiswahili, na huku ndiko maisha yetu mengi yanakoamuliwa. Katika kikao cha mwaka 2023 iliwasilishwa miswada takriban 8,000 pale Austin. Iliyopita ni zaidi kidogo ya 1,200. Kwa hesabu hiyo mswada mmoja tu kati ya sita au saba huwa sheria, na mtu angeweza kusema: basi ya nini kuhangaika na hiyo mingine? Tatizo ni kwamba mwezi Februari hakuna anayejua ni upi utakaofika na upi utakaofia njiani. Mwanasheria wa mji hana budi kuisoma yote inayougusa mji wake, na kumshauri meya kana kwamba kila mmoja unaweza kupita.

Mimi hujitolea kuwakalimania wenzetu, hasa waliotoka Kivu na Tanganyika kule Kongo, wanapokuwa na shida zinazowapeleka kwenye ofisi za mji. Wengi walifika Texas kama wakimbizi baada ya miaka mingi kambini, wengine Nyarugusu kule Tanzania, wengine Uganda au Burundi. Wanajifunza haraka kwamba mlango unaofunguka upesi kuliko yote ni wa mji. Ukitaka kuonana na diwani wako, utaonana naye. Kikao cha baraza kina muda wa wananchi kusema, unajiandikisha, unapewa dakika zako. Nimewaona watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya mwenye mamlaka yoyote wakisimama pale, wakieleza habari ya taa za barabarani au mwenye nyumba asiyetengeneza bomba. Kisha nimewaona wakijibiwa kwa adabu kabisa kwamba jambo lao ni zuri, ila mji unasubiri kwanza kuona wabunge wa Austin watafanya nini.

Jibu hilo si uongo wala si uvivu. Ndiyo hali halisi ya mji wa Marekani.

Chukua habari ya dakika kumi. Mwaka 2010 baraza la mji wa Austin lilipitisha sheria ndogo inayomtaka mwajiri kwenye eneo la ujenzi ampe mfanyakazi mapumziko ya dakika kumi kila baada ya saa nne za kazi, apate kunywa maji na kukaa kivulini. Dallas ikafuata mwaka 2015. Dakika kumi kwa saa nne. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa haina kanuni ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri kutoa mapumziko ya joto, na jimbo la Texas pia lilikuwa halina. Kwa hiyo haki hiyo ilikuwa ya miji, na ilipatikana kwa sababu wafanyakazi wenyewe, wengi wao wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, walikwenda kwenye mabaraza na kueleza jinsi wenzao wanavyoanguka juani.

Mapema mwaka 2023 ukawasilishwa mswada HB 2127 (HB ni mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, SB ni ulioanzia Seneti). Mwandishi wake alikuwa Dustin Burrows, mbunge wa chama cha Republican kutoka Lubbock, ambaye Januari 2025 alichaguliwa kuwa Spika. Mswada haukutaja maji, wala kivuli, wala ujenzi. Haukutaja sheria ndogo ya mji wowote kwa jina. Ulisema kwamba katika nyanja kubwa za sheria za jimbo, zikiwamo kilimo, biashara, fedha, bima, kazi, maliasili na mali, mji hauwezi kutunga wala kusimamia kanuni yake ikiwa jimbo limekwisha kuishika nyanja hiyo, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo imeuruhusu waziwazi. Na ukampa mtu yeyote anayedai kuumizwa na kanuni ya mji, hata chama cha wafanyabiashara, haki ya kuupeleka mji mahakamani na kudai gharama za mawakili.

Soma tena hapo kwenye gharama za mawakili. Mji mkubwa kama Houston, wenye watu zaidi ya milioni mbili, una idara nzima ya wanasheria. Mji wa watu elfu kumi na tano una mwanasheria mmoja anayelipwa kwa saa. Mswada wa namna hiyo ukiwa mezani, mwanasheria yule akiulizwa kama kanuni fulani itasalimika, jibu la uaminifu ni kwamba hajui. Na diwani akiambiwa na mwanasheria wake kwamba hajui, huku kosa likiweza kuugharimu mji fedha za barabara, ataiweka kanuni kando. San Antonio nako kulikuwa na mazungumzo ya kutunga kanuni ya mapumziko kama ile ya Austin na Dallas. Niambie, ni diwani gani anayeanzisha kazi hiyo wakati bunge linapigia kura mswada utakaoiua kabla haijazaliwa?

Gavana Greg Abbott alisaini HB 2127 Juni 2023. Kiangazi kile kilikuwa miongoni mwa viangazi vya joto kali kuliko vyote kuwahi kupimwa Texas. El Paso ilipitisha siku 44 mfululizo joto likifika au kuzidi nyuzi 100 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 38 za Selsiasi. Mwezi Julai, Greg Casar, aliyekuwa diwani wa Austin kabla ya kuchaguliwa kwenda Bunge la Congress, aliketi kwenye ngazi za jengo la Congress mjini Washington, akakaa saa nyingi bila kunywa maji ili habari hii isikike nje ya Texas. Wenzetu wanaofanya kazi za mapaa walikuwa wakinipigia simu jioni. Mmoja, kijana wa Fizi, aliniuliza swali ambalo bado linanikaa kichwani: “Dada, ile sheria ya dakika kumi iko ama imekufa?”

Nilimwambia ukweli kama ulivyokuwa. Sheria ya jimbo ingeanza kutumika tarehe 1 Septemba. Houston ilikuwa imekwenda mahakamani Julai kuipinga, San Antonio na El Paso zikajiunga. Tarehe 30 Agosti, Jaji Maya Guerra Gamble wa kaunti ya Travis alitamka kwamba sheria hiyo inavunja katiba ya jimbo. Jimbo likakata rufaa, na likasema hukumu ile haizuii chochote rufaa ikiwa inaendelea. Ikabidi watu waishi hivyo kwa karibu miaka miwili, sheria ikiwa imetamkwa batili na huku inatumika, mpaka Julai 2025 mahakama ya rufaa ilipoitengua hukumu ile kwa msingi kwamba miji haikuwa na haki ya kuleta kesi ya namna ile. Swali lenyewe, kama bunge linaweza kuipokonya miji mamlaka kwa jumla jumla namna hiyo, likabaki bila jibu.

Sasa jiweke mahali pa yule kijana. Msimamizi wake hasomi hukumu za mahakama. Msimamizi anajua tu kwamba kuna sheria mpya, kwamba miji imenyang’anywa kitu fulani, na kwamba ratiba ya kazi imechelewa. Mkanganyiko peke yake unatosha kumfanya asimpe mtu dakika kumi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hii. Mwenye nguvu hahitaji sheria iwe wazi. Anayehitaji uwazi ni yule asiye na wakili.

Watu huniuliza inawezekanaje mji uliochaguliwa na wananchi wake, wenye meya, madiwani na katiba yake ya mji, uwe mnyonge hivyo. Jibu ni la zamani. Katiba ya Marekani inataja serikali kuu na majimbo, miji haimo. Mwaka 1868 jaji wa Iowa, John Forrest Dillon, aliandika kwamba miji ni viumbe wa bunge la jimbo, bunge ndilo linaloipulizia uhai, na linaloweza kuuondoa. Mwaka 1907 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema karibu hayo hayo katika kesi ya Pittsburgh. Mji wa jirani uliokuwa ukiitwa Allegheny ulikuwa umeunganishwa na Pittsburgh ingawa wakazi wake wengi hawakutaka, na mahakama ikasema jimbo linaweza kuupanua mji, kuupunguza, kuuunganisha na mwingine au kuufuta, wakazi wake wapende wasipende.

Texas ilichukua njia ya upole kidogo. Tangu mwaka 1912 katiba yake imeruhusu miji yenye watu zaidi ya 5,000 ijitungie katiba zake na kujiendesha. Mji wa aina hiyo hauhitaji kuomba ruhusa Austin kwa kila jambo. Unaweza kufanya lolote ambalo bunge halijalizuia, na mahakama za Texas zimekuwa zikisema kwa miongo mingi kwamba bunge likitaka kuzuia sharti liseme kwa uwazi usio na shaka. Kwa hiyo kila mamlaka ya mji yapo mpaka siku bunge litakapoyaondoa, na kila baada ya miaka miwili inafika Januari.

Wakati mwingine jimbo huondoa jambo moja tu, na huliondoa upesi. Novemba 2014 wakazi wa Denton, kaskazini mwa Dallas, walipiga kura kuzuia uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba ndani ya mji wao, baada ya visima kuchimbwa karibu kabisa na nyumba na viwanja vya kuchezea watoto. Karibu asilimia 59 walikubali. Kesho yake tu kesi zikafunguliwa, na miezi michache baadaye bunge likapitisha HB 40 iliyoipa serikali ya jimbo mamlaka juu ya visima hivyo. Gavana alisaini Mei 2015, Juni baraza la Denton likafuta marufuku yake lenyewe. Watu walikuwa wamegonga milango ya majirani kwa miezi, mvua na jua, ili kupata kura ile.

Fedha ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi mswada unavyoutawala mji kabla ya kuwa sheria. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Mji huishi kwa kodi ya ardhi na nyumba, sehemu ya kodi ya mauzo, na ada mbalimbali. Zamani mji uliweza kuongeza mapato yake ya kodi ya nyumba kwa kiasi cha asilimia 8 kwa mwaka kabla wananchi hawajapata nafasi ya kudai kura. Mwaka 2019 Seneti ilianza na mswada, SB 2, uliotaka kiwango hicho kishuke hadi asilimia 2.5. Mwisho wa mvutano ikawa asilimia 3.5 kwa miji na kaunti, na zaidi ya hapo ni lazima wananchi wapige kura.

Fikiria kazi ya ofisi ya fedha ya mji katika miezi ile. Asilimia 8, 2.5 au 3.5 ni bajeti tatu tofauti kabisa. Moja ina maktaba zinazofunguliwa Jumapili, nyingine haina. Moja inaajiri wazima moto, nyingine inaacha nafasi wazi. Mwaka wa fedha wa Houston huanza tarehe 1 Julai, wiki chache tu baada ya bunge kufungwa. Dallas, Austin, San Antonio na Fort Worth huanza tarehe 1 Oktoba. Kwa hiyo hesabu zinapigwa wakati mswada ungali unabadilika kamati kwa kamati, na mkuu wa idara hawezi kumwahidi mtu ajira. Sheria ilipokwisha kusainiwa Juni, lakini kabla haijaanza kutumika Januari 2020, baraza la Austin lilipandisha kodi kwa kiwango chote cha asilimia 8, kwa kuwa lilijua hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Sheria iliyokusudiwa kumpunguzia mwenye nyumba mzigo ikamfanya alipe zaidi mwaka ule. Siwalaumu madiwani wale. Ningekuwa mmoja wao, pengine ningepiga kura hiyo hiyo, nikijua mlango unafungwa.

Na kuna miswada inayofanya kazi kwa kuadhibu. Agosti 2020, baada ya polisi wa Minneapolis kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, na maandamano yaliyofuata, Austin iliamua kupunguza au kuhamisha takriban dola milioni 150 kutoka bajeti ya polisi. Bunge lililofuata likapitisha HB 1900: mji wenye watu zaidi ya 250,000 ukipunguza fedha za polisi, unazuiwa kuongeza kodi ya nyumba na unaweza kukatwa sehemu ya kodi yake ya mauzo. Sheria ilikuwa ianze Septemba 2021. Agosti mwaka ule, wiki chache kabla, Austin ilirudisha fedha zote na kuongeza. Unaweza kuamini kwamba Austin ilikosea tangu mwanzo, na wapo watu waaminifu wanaoamini hivyo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba wakazi wa Austin hawakupata nafasi ya kugundua wenyewe kama walikosea.

Kwa ndugu zetu walioko Minnesota jambo hili limekuja kwa sura nyingine, tena katika jimbo ambalo wakati ule gavana na mabaraza yote mawili ya bunge yalikuwa mikononi mwa chama cha Democrats. Nalieleza kwa urefu kwa sababu wengi hapa Texas huniambia shida hii ni ya chama kimoja.

Madereva wa Uber na Lyft, kampuni za teksi zinazoitwa kwa simu, mjini Minneapolis wengi ni wahamiaji wa Afrika Mashariki, Wasomali wakiwa wengi zaidi. Walidai kwa muda mrefu malipo ya chini yaliyowekwa kisheria. Mei 2023 bunge la jimbo lilipitisha mswada, Gavana Tim Walz akaukataa. Agosti baraza la mji likapitisha sheria yake, Meya Jacob Frey naye akaikataa. Madereva hawakuchoka. Machi 2024 madiwani walipitisha tena, na meya alipokataa wakamshinda kwa kura 10 dhidi ya 3. Miongoni mwa waliouandika mswada ule ni Jamal Osman, diwani mwenye asili ya Somalia. Kiwango kilikuwa dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika. Kampuni zikatangaza kwamba zitaondoka mjini siku sheria itakapoanza, tarehe 1 Mei.

Hapo ndipo bunge la jimbo likaingia tena, safari hii na mswada wa kuweka kiwango kimoja kwa jimbo zima na kuizuia miji isijiwekee chake. Mswada ukiwa bado mezani, baraza la Minneapolis likasogeza mbele tarehe ya sheria yake hadi 1 Julai. Kusubiri tena. Kisha Mei, katika saa za mwisho za kikao, bunge likapitisha dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, na mamlaka ya mji juu ya jambo hilo yakaisha.

Kuna namna mbili za kuisoma habari hii, na zote mbili nimezisikia kwa madereva wenyewe. Mmoja husema tulishinda: leo dereva wa Rochester na wa Duluth naye ana kiwango, wala si wa Minneapolis tu, na kampuni hazikuondoka. Mwingine husema tulikuwa na senti 51 mkononi, tukatoka na 31. Mimi naegemea kwa wa kwanza, lakini kwa sababu moja: bila sheria ya mji, bunge lisingekuwa na haraka yoyote. Gavana aliyekataa mwaka 2023 alikubali mwaka 2024 kwa kuwa mji ulikuwa umeweka tarehe. Mswada wa jimbo huubana mji, ila na mji ukithubutu huweza kulisukuma jimbo. Austin haikubahatika hivyo. Mei 2016 wakazi wake walipiga kura, asilimia 56 kwa 44, wakitaka madereva wachukuliwe alama za vidole. Uber na Lyft zikaondoka mjini. Mei mwaka uliofuata jimbo likafuta kanuni ya mji kwa HB 100, kampuni zikarudi.

Haki inanitaka niseme pia pale ambapo jimbo liko sawa. Miji ya Texas, hasa ile ya matajiri pembezoni mwa Dallas, imetumia kanuni za ardhi kwa miongo mingi kuwazuia watu wa kipato kidogo wasikae humo. Ukisema kila nyumba sharti iwe kwenye kiwanja kikubwa, na magorofa ya kupanga yasijengwe ila kwenye vipande vichache, huhitaji kuandika popote kwamba mkimbizi wa Kongo hakaribishwi. Mwaka 2025 bunge lilipitisha SB 15, inayoizuia miji mikubwa kudai viwanja vinavyozidi futi za mraba 3,000, kama mita za mraba 279, katika maeneo mapya yanayogawanywa, na SB 840, inayoruhusu nyumba za kupanga kwenye maeneo ya biashara bila kuomba kibali maalumu cha baraza. Nilizifurahia zote mbili. Familia ya watu wanane ninayoijua, inayolala vyumba viwili, haina muda wa kusubiri madiwani wa mji wa jirani wabadilike moyo. Hata hivyo, baadhi ya miji hiyo ilianza mara moja kutafuta masharti mapya ya kuzipunguza nguvu sheria hizi, na si ajabu sana, kwa kuwa mji uliozoea kupokonywa hauwezi tena kutofautisha kati ya kupokonywa cha haki na kisicho haki.

Kwa hiyo sisemi mji usiguswe. Nasema bunge likitaka kuondoa kanuni ya mji, liitaje. Liseme: tunaondoa mapumziko ya dakika kumi kwenye maeneo ya ujenzi Dallas. Mbunge apige kura hiyo kwa jina lake, halafu arudi kwa wapiga kura wake Agosti aifafanue. HB 2127 iliwaepusha wabunge na kura hiyo, ikawaachia madiwani na wanasheria wa miji midogo kazi ya kukisia nini kimekufa.

Kuna mswada mwingine ninaoufuatilia kwa wasiwasi zaidi ya yote. Miji haina kura bungeni. Ina wawakilishi wa kulipwa wa kuwashawishi wabunge, na miji ina umoja wake, Texas Municipal League, ulioanzishwa mwaka 1913. Hao ndio wanaosoma miswada ile 8,000 kwa niaba ya miji ambayo haina uwezo wa kuisoma yenyewe. Tangu mwaka 2019, kikao baada ya kikao, umekuwa ukiletwa mswada wa kuizuia miji kutumia fedha za walipa kodi kulipia wawakilishi hao. Mwaka 2025 uliitwa SB 19. Ulipita Seneti, ukafia Baraza la Wawakilishi, kama ule wa 2019. Wanaouunga mkono wanasema si haki mwananchi alipie mtu wa kubishana na wabunge aliowachagua. Naielewa hoja hiyo. Lakini kampuni ya mafuta itaendelea kuwa na mawakili wake pale, chama cha wajenzi kitaendelea kuwa na wake, na mji wa watu elfu kumi na tano utajua kuhusu mswada siku utakapokuwa umesainiwa.

Kikao kijacho kitafunguliwa tarehe 12 Januari 2027. Miswada itaanza kupokelewa Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi, yaani tarehe 9 Novemba 2026. Kila mswada huwekwa kwenye tovuti ya bunge, bure, pamoja na tarehe ya kamati itakayousikiliza, ingawa tangazo huja siku chache tu kabla. Baraza la Wawakilishi hupokea maoni ya maandishi kupitia mtandao. Seneti inakutaka ufike mwenyewe. Kutoka Dallas ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na ukifika unaweza kungoja mpaka usiku ndipo uitwe kwa dakika zako mbili au tatu.

Nimeanza kukusanya majina ya watakaokwenda. Ninao wachungaji na walimu kadhaa. Ninaowahitaji zaidi ni wenye kazi za ujenzi, mapaa na barabara, kwa sababu kamati zimekwisha kusikia wataalamu wengi na hazijamsikia mtu aliyezimia juu ya paa mwezi wa Julai. Ukalimani nitaufanya mimi. Kama uko Dallas, Fort Worth au Irving na unaweza kuomba ruhusa kazini siku moja kati ya Februari na Aprili, niandikie kabla ya Krismasi ili tujue ni magari mangapi ya kutafuta.